Redio, Kibanda cha Video na Kiswahili cha Kukopa: Vijana wa Kiirua, 1990–2010

Watu waliozaliwa nchini Kenya kati ya 1985 na 1995 wamekwisha kufika umri wa kuukumbuka ujana wao hadharani, na kumbukumbu zao zina mwendo mmoja. Husemwa kwamba nyimbo za siku zile zilikuwa na maana, kwamba vichekesho vilikuwa safi, kwamba redio ililea watoto, na kwamba Kiswahili kilistawi chenyewe midomoni mwa vijana wa kila kabila pasipo kuhimizwa na mtu. Madai matatu ya kwanza hayahitaji kujibiwa kwa urefu; kila kizazi huyasema, na wale waliocheza twisti miaka ya 1960 waliyasema kabla ya hawa. Dai la nne ni jambo jingine. Walimu wengi wa Kiswahili wa hivi leo wametoka katika kizazi hichohicho, nao hulitaja dai hilo darasani kana kwamba ni tukio la historia lililokwisha kuthibitishwa. Hapana budi basi lipimwe kama mambo ya historia yanavyopimwa: mahali fulani, miaka fulani, kwa vyombo vilivyokuwako na fedha zilizokuwako.

Mahali palipochaguliwa hapa ni Kiirua. Historia ya utamaduni wa vijana wa Kenya imeandikwa zaidi kutoka Nairobi, hasa kutoka mitaa ya Eastlands, kwa kuwa huko ndiko nyimbo nyingi zilikotungwa na ndiko Sheng ilikozaliwa. Lakini Wakenya walio wengi hawakuwa watungaji wa utamaduni huo. Walikuwa wapokezi wake, nao waliupokea kwa mbali, ukiwa umechelewa na umepungua njiani. Mtu akitaka kujua utamaduni huo ulifanya kazi gani hasa, yafaa aende mwisho wa njia.

Kiirua iko Buuri, penye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, mahali ambapo mashamba ya viazi, kabichi na ngano yanaanza kuipisha nyika inayoshuka kuelekea Isiolo. Wenyeji wengi husema Kimeru cha Imenti; hadi uchaguzi wa 2013 Buuri ilihesabiwa ndani ya jimbo la uchaguzi la Imenti Kaskazini. Mtu wa mbali akilijua jina la Kiirua, aghalabu amelijua kwa sababu ya hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa. Upande wa Timau kuna mashamba makubwa ambayo yameajiri vibarua wengi kwa maua na mboga za kuuzwa Ulaya. Neno hili la vibarua halikutajwa kwa kupamba. Fedha ya kijana wa Kiirua ilitoka katika mambo mawili, msimu wa viazi na kibarua cha siku. Yote yatakayosimuliwa hapa chini yalinunuliwa kwa fedha hiyo, na msimu ulipokuwa mbaya hayakununuliwa.

Chombo cha kwanza kilikuwa redio, na katika miaka ya 1990 nyumba nyingi zilikuwa na moja tu, nayo ilikuwa ya baba. Sauti ya Kenya ilikuwa imegeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, lakini kwa msikilizaji wa kijijini mambo yalibaki yaleyale: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mahubiri, mpira na salamu. Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, alikuwa angali akiliuliza swali lake. Betri zilitumiwa kwa hesabu. Zikichoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu ya mwisho, na nguvu hiyo iliwekewa habari za jioni wala si muziki. Kijana aliyeifungua redio mchana kwa ajili ya nyimbo, baba akiwa shambani, alikuwa akiiba kitu chenye bei.

Vipindi vya salamu vingestahili makala ya peke yake. Mtu wa Buuri alijaza kadi, akaituma kwa posta, na baada ya majuma kadhaa akasikia jina lake, au jina alilojipachika, likisomwa na mtangazaji pamoja na majina ya watu wa miji asiyoijua. Hiyo ilikuwa fasihi ya orodha, yenye majigambo yake na kanuni zake, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha mtangazaji, kisichoongezwa neno. Jambo lenye maana kwa hoja hii ni kwamba mwenye kusalimu hakusema. Alisemewa.

Je, Kiswahili kilisikilizwa kwa kuwa kilipendwa? Idhaa ya Kiswahili ilitawala Kiirua kwa sababu mitambo yake ilifika na kwa sababu hapakuwa na mshindani wa kutajika. Kimeru kilipewa saa chache tu katika matangazo ya lugha za wenyeji ya shirika hilohilo. Ushahidi ulipatikana milango ilipofunguliwa. Vituo vya redio vya binafsi vilianza kupewa nafasi tangu 1996. Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000. Na baada ya muda si mrefu Muuga FM, ya kampuni ya Royal Media Services, ikaanza kutangaza kwa Kimeru. Wasikilizaji wa Buuri walihamia huko bila kusukumwa. Salamu zilihama, matangazo ya vifo yakahama, mahubiri yakahama, na utani wa asubuhi nao ukahama. Kiswahili kiliachiwa mpira na siasa za taifa. Kama hapo awali palikuwa na mapenzi, basi yalikuwa mapenzi ya mtu aliyefungiwa chumba kimoja na mwenzake.

Hata hivyo ni kweli kwamba vijana wa Kiirua walikijua Kiswahili kuliko baba zao. Sababu yake si nyimbo. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianzishwa, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na baadaye za upili. Hapo mtoto wa mkulima wa viazi alilazimika kujua ngeli za nomino ili apate nafasi ya kuendelea na masomo. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama alivikwa kibao shingoni, au disiki kama kilivyoitwa mahali pengi, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Kiswahili chenyewe hakikuwa salama. Siku za Kiingereza nacho kilihesabiwa kosa. Lugha iliyoingia nyumbani kwa njia ya mtihani na adhabu iliweza kufahamika vizuri bila kuwa lugha ya kuchekea.

Kiswahili hicho kilikuwa na sura yake. Insha nzuri ilianza kwa methali, ikaendelea kwa mashariki kupambazuka na ndege kuimba matawini, ikaishia kwa mhusika kujuta. Mwanafunzi aliyepata alama nyingi huenda hakupata hata siku moja kutumia sentensi ya namna hiyo kuomba chumvi. Katika shule za upili zilisomwa kazi nzuri kwelikweli: riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), na tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), ambayo mwandishi wake ni mwana wa Tharaka, jirani kabisa wa Wameru wa Imenti. Wengi walizisoma kwa kupitia miongozo iliyouzwa madukani, yenye orodha za dhamira na sifa za wahusika. Tamthilia kuhusu mtawala anayefungia watu maji, ikisomwa katika nchi ambayo watu wake walikuwa wametoka tu katika utawala wa chama kimoja, iligeuzwa kuwa maswali ya alama ishirini. Kosa hilo haliwezi kubebeshwa vijana.

Basi palikuwa na Kiswahili cha shule, na pembeni yake palikuwa na kile kilichokuja kwa kaseti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kalamashaka, vijana wa Dandora, walitia katika muziki wa kufokafoka maneno ya njaa, polisi na vyumba vya kupanga. Baada yao wakaja wa starehe: Ogopa Deejays na wasanii wao, kisha studio ya Calif na muziki ulioitwa genge. E-Sir, mwimbaji wa South C aliyesifiwa kwa ulaini wa Kiswahili chake, alifariki katika ajali ya barabarani Machi 2003 akiwa kijana mno, na albamu yake, Nimefika, ikaendelea kuuzwa baada yake. Kutoka Tanzania alivuma Mr Nice, aliyeuita mtindo wake Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda. Kaseti zilizofika masoko ya Buuri zilikuwa nakala ya nakala. Sauti ilikuwa imekwisha kulegea, na wimbo uliokuwa mpya Kiirua ulikuwa umechakaa Nairobi.

Maneno nayo yalifika vivyo hivyo, yakiwa yametengana na mambo yaliyoyazaa. Kijana wa Kiirua alisema karao, mathe, buda na doo, akausifu mtaa wake, ilhali hapakuwa na mtaa, pana boma, shamba na njia ya ng'ombe. Maneno mapya yaliletwa Desemba na binamu waliotoka Nairobi kwa sikukuu, na aliyeendelea kutumia ya mwaka uliopita alichekwa. Kwa hiyo Sheng, ambayo huko Eastlands ilikuwa lugha ya watu wasio na kitu, ilipanda daraja njiani. Ilipofika Buuri ilikuwa alama ya mwenye jamaa mjini au mwenye karo ya shule ya bweni. Ubora wa Sheng ya mtu ulionyesha nauli ya ukoo wake. Wanaoisifu kwa kuwaunganisha vijana wa Kenya wangefanya vyema kuuliza nani aliachwa nje ya muungano huo katika kila kijiji.

Fauka ya hayo, wimbo uliowaunganisha watu kwa hakika katika miaka hiyo haukujengwa juu ya Kiswahili. Ni Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, uliochukuliwa na muungano wa NARC katika kampeni za 2002. Neno lenyewe lina shina la Kijaluo, bwogo, yaani kuogofya, lililovikwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma. Watu wa Meru wasiojua neno jingine lolote la Kijaluo waliliimba barabarani. Miaka mitano baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilichomwa na watu walewale waliowahi kuimba pamoja, na neno hilo halikuwazuia.

Kuhusu usafi wa nyimbo, machache yatatosha. Msichana katika nyingi kati ya nyimbo za genge ni kitu cha kutazamwa, kununuliwa kinywaji na kulaumiwa. Mwezi Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mtu akizisikiliza nyimbo nyingi za starehe za miaka iliyofuata hataweza kukisia kwamba zilichezwa katika nchi iliyokuwa ikizika vijana wake. Hali kadhalika matatu zilizopakwa rangi na kupiga muziki mpaka vioo vitetemeke, ambazo leo hukumbukwa kama majumba ya sanaa, ziliua abiria wengi, na ndiyo sababu kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, za mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, zilishangiliwa na watu wa kawaida. Kijana wa Kiirua hata hivyo aliziona manyanga hizo alipokwenda mbali. Gari lake la kawaida lilibeba watu, magunia ya viazi na kuku.

Televisheni ilikuja baada ya redio na kwa shida zaidi. Kabla ya umeme kufika, seti ndogo za rangi nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa za Great Wall, ziliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa penye umeme. Mwenye seti alikuwa mwenye watazamaji, na watoto wa majirani waliketi sakafuni kwa hisani yake. Walichokitazama kwa hamu kubwa ni Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vichekesho hivyo vilikuwa na wachezaji hodari, lakini yafaa kuuliza kicheko chao kilitoka wapi. Mzee Ojwang', aliyependwa kuliko wote, aliigizwa na Benson Wanjau, mtu ambaye hakuwa Mjaluo, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi ndiyo iliyokuwa kichekesho. Kila kabila lilikuwa na zamu yake, na Mmeru alipopewa yake alikuwa mtu mwenye hasira za ghafla, mwenye miraa shavuni, hata kama alitoka Buuri kwenye viazi, mbali na mashamba ya miraa ya Igembe na Tigania.

Jambo hili lilikuwa na matokeo katika matamshi, na hapa mwanaisimu ana kazi. Katika Kimeru d hufuatana na nazali, na b hulegezwa midomoni. Kwa hiyo msemaji wa Kimeru anaposema Kiswahili huelekea kutia nazali pasipotakiwa: dawa huwa ndawa. Vijana waliocheka lafudhi hiyo kwenye televisheni walianza kuchungana wao kwa wao. Aliyesema ndawa alichekwa na wenzake ambao nyumbani walisema hivyohivyo. Wengine walinyamaza mbele ya wageni, au wakakimbilia Kiingereza ambacho makosa yake hayakuwa na kabila. Katika miaka ya 2010 Jasper Muthomi, ajulikanaye kwa jina la MC Jessy, mzaliwa wa Meru, alipanda jukwaa la Churchill Show na kuwasimulia Wameru yeye mwenyewe. Ilikuwa hatua, maana sasa lafudhi hiyo ilimlipa mwenye nayo. Kicheko hata hivyo kilibaki palepale kilipokuwa.

Mpaka hapa Kiirua imeonekana kama mpokezi mtupu. Kuna jambo moja linalokataa picha hiyo, nalo limo mahali ambapo walimu na wazazi walipachukia kuliko pote, yaani kibanda cha video.

Vibanda hivyo vilikuwa vyumba vya mbao au mabati sokoni, vyenye mabenchi, pazia mlangoni, seti moja, na jenereta iliyonguruma nyuma. Baada ya Mamlaka ya Umeme Vijijini kuanza kazi chini ya Sheria ya Nishati ya 2006, masoko yalitangulia kupata umeme kabla ya nyumba, na vibanda vikanufaika. Kiingilio kilikuwa sarafu moja au mbili. Kwa sheria, yaani Sura ya 222 inayohusu filamu na michezo ya jukwaani, filamu ilipaswa kuwa na kibali na daraja la umri wa watazamaji. Kwa desturi, mtoto mwenye sarafu alikuwa mtu mzima. Zilionyeshwa filamu za mapigano za Hong Kong, za Kihindi, na za Marekani: Bruce Lee, aliyekuwa amekufa tangu 1973, Jackie Chan, Rambo, Commando. Hewa ilikuwa nzito kwa moshi na jasho. Wasichana hawakuwamo, aliyeonekana akiingia alipoteza jina lake kabla filamu haijaisha. Hapana sababu ya kupapamba mahali hapo.

Lakini filamu hizo zilisemwa kwa Kiingereza, Kichina au Kihindi, na watazamaji wengi hawakufuata hata Kiingereza. Pengo hilo lilizibwa na msimulizi. Nchini Kenya aliyeifanya kazi hiyo ikajulikana kila soko ni James Muigai, yaani DJ Afro, ambaye sauti yake ilitiwa juu ya sauti ya filamu na diski zake zikasambazwa hata mahali pasipokuwa na duka la vitabu. Hakufasiri. Aliipunguza sauti ya waigizaji, akawapa majina mengine, akatabiri yatakayotokea, akawakejeli wabaya, akawaonya wema, na kila mara akatoka nje ya hadithi kuzungumza na walioketi kwenye mabenchi. Lugha yake ni Kiswahili cha Nairobi kilichochanganywa na Sheng. Kazi yake yote ilisimama juu ya filamu za watu wengine ambao hawakuombwa ruhusa wala kulipwa, na jambo hilo lisifichwe.

Sanaa hii ina ukoo mrefu kuliko inavyodhaniwa. Kitengo cha Filamu za Kikoloni, kilichoundwa Uingereza mwaka 1939, kilipeleka magari ya sinema katika vijiji vya makoloni pamoja na mkalimani mwenye kipaza sauti, aliyetakiwa kueleza usafi, kilimo bora na utii. Wakalimani hao walikwisha kugundua kwamba watazamaji huwasikiliza wao kuliko picha. Kampala ilikuwa na wasimulizi wake katika vibanda vilivyoitwa bibanda, na VJ Jingo ni mmoja wa mashuhuri wao. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kipana na chenye adabu ya mtambaji. Ujapani nayo, wakati wa filamu zisizo na sauti, iliwajua wasimulizi walioitwa benshi, ambao watu waliwafuata kwa majina kuliko waigizaji.

Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na watafiti. Lisiloandikwa ni yaliyotokea baada ya kibanda kufungwa. Waliolipa walikuwa wachache. Waliotaka kujua walikuwa wengi: wadogo zao, wasichana, wale ambao wiki hiyo hawakupata kibarua. Kesho yake, penye bomba la maji, machungani, au jikoni viazi vikiiva, mmoja wa waliolipa aliitwa aisimulie. Aliisimulia kwa Kimeru. Mapigano aliyatendea kwa mikono na kwa sauti za kinywa. Maneno ya shujaa aliyasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo alivyoyasikia kwa msimulizi wa Nairobi, na kwa namna hiyo Kiswahili kikawa lugha ya mtu mwenye nguvu katikati ya hadithi ya Kimeru. Msitu wa Vietnam ukawa msitu wa Mlima Kenya wenye ndovu wake, na jela ya mbali ikapata askari wa kwao. Wasikilizaji walikatiza, wakabishana, wakadai sehemu irudiwe. Msichana asiyekanyaga kibandani aliweza kuisimulia filamu nzima kwa mdogo wake usiku, akiwa ni wa tatu au wa nne katika mnyororo ulioanzia Hong Kong.

Hapo ndipo palipokuwa na utunzi. Tofauti na kadi ya salamu, mwenye kusema alikuwa akisema kwa kinywa chake. Tofauti na insha, hapakuwa na alama. Tofauti na Sheng ya Desemba, nauli haikuhitajika. Hata nazali yake haikumletea aibu. Tena Kiswahili kilipata humo kazi ambayo shule haikukipa, yaani kuwa lugha ya mhusika. Lakini ni Kiswahili kilichoazimwa kwa sentensi chache na kurudishwa hadithi ilipokwisha. Kuhesabu sentensi hizo kuwa ushindi wa lugha ya taifa ni kuhesabu mbegu kuwa mavuno. Wala haifai kuzidharau, kwa kuwa ndizo pekee ambazo vijana hao walizichukua kwa hiari yao.

Idara za lugha wakati huo zilikuwa na shughuli nyingine. Wanafunzi wa fasihi simulizi walitumwa makwao likizoni wakiwa na vinasa sauti kuwarekodi bibi zao, nao walirudi na hadithi za sungura na fisi ambazo bibi mwenyewe alikuwa hazisimulii tena ila kwa mgeni mwenye kinasa sauti. Nyuma ya jiko lilelile, saa ileile, pengine Commando ilikuwa ikisimuliwa kwa Kimeru kwa mara ya kumi, na hakuna aliyegeuza kipaza sauti. Kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, ilikuwa juhudi ya kusifiwa, na hata hiyo katika kichwa chake iliiweka Sheng pamoja na lugha za wahuni. Ilipofika Februari 2010, na gazeti la picha la Shujaaz likaanza kugawiwa bure likiwa limeandikwa kwa Sheng, walioitambua thamani ya lugha hiyo walikuwa watu wa matangazo na wafadhili. Wataalamu wa lugha walifuata nyuma yao.

Simu zenye kadi za kumbukumbu zilianza kuumaliza mnyororo ule. Kila mtu alipoweza kuitazama filamu kiganjani, hapakuwa na sababu ya kumwita mtu aisimulie. Kazi za DJ Afro sasa hupatikana kwenye YouTube, na vibanda vingi vilivyosalia hujazwa na mpira wa Uingereza siku za Jumamosi na Jumapili. Waliokuwa wasimulizi wa machungani ni watu wa miaka thelathini na kitu. Wako kwenye maghala ya viazi, kwenye pikipiki za abiria, kwenye mashamba ya maua, na wengine wako darasani wakifundisha ngeli. Baadhi yao wanaweza hadi leo kuisema filamu ya saa moja na nusu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kimeru chenye Kiswahili ndani yake, pamoja na majina yaliyopewa wahusika na utani uliotiwa njiani, na hawajapata kuisikia hata mara moja kwa sauti zake zenyewe.